Jinsi ya Kuanzisha Maktaba Ndogo ya Utafiti wa Historia ya Viwanda na Nguo

Kiwanda cha nguo kinapofungwa, mashine huuzwa kwa bei ya chuma chakavu na majengo hupangishwa kuwa maghala, lakini karatasi hubaki palepale zilipoachwa mpaka paa lianze kuvuja au mpaka mtu apate wazo la kuwauzia wachuuzi wa karanga. Rejista za zamu, vitabu vya sampuli za vitambaa, michoro ya mitambo, barua za chama cha wafanyakazi na picha za siku ya ufunguzi hutoweka kwa namna hiyo bila mtu yeyote kuamua kuziharibu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu, mkutubi, mstaafu wa kiwandani au kikundi cha wakazi kinachotaka kuzuia jambo hilo kwa kuanzisha maktaba ndogo ya utafiti, yaani chumba kimoja chenye meza, makabati na utaratibu, ambamo mtu anayetaka kujua historia ya viwanda na nguo za mji wake anaweza kuketi na kusoma nyaraka zenyewe. Mifano mingi nimeichukua Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua. Utaratibu wenyewe unafaa pia Mwanza, Eldoret au Jinja.

Weka mipaka kwanza

Wengi wanaoanza hutaka kukusanya kila kitu, na historia ya nguo katika nchi zetu ni ndefu kuliko chumba chochote. Kilwa Kisiwani wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo wasokotaji wa pamba walivitia kwenye vijiti vyao vya kusokotea karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotawala soko la Zanzibar na njia za misafara kilikuwa marekani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na serikali ya Marekani; vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyowafungulia mlango wenye vitambaa vya Uingereza na Bombay. Baadaye kuna ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, uliounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Kuna viwanda vya baada ya uhuru: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex, Sunguratex na vinginevyo, vingi vikiwa chini ya shirika la umma la nguo lililojulikana kama TEXCO. Kisha kuna mitumba na nguo za nje zilizoingia kwa wingi biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990.

Chagua kipande kimoja cha mlolongo huo. Andika sentensi moja inayosema maktaba inakusanya nini, ya wapi na ya kuanzia lini, kwa mfano: “Maktaba hii inakusanya nyaraka, picha, sauti na nguo zinazohusu viwanda vya nguo vya Ubungo na watu waliofanya kazi humo, tangu mwaka 1960 hadi leo.” Ibandike ukutani. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumkatalia kwa adabu mzee anayekuletea magunia mawili ya magazeti ya michezo, na itakukumbusha pia kwamba historia ya kiwanda haiishii getini: mama lishe aliyewauzia chakula wafanyakazi wa zamu ya usiku naye yumo.

Jua kilichokwisha kuhifadhiwa kwingine

Kabla ya kununua hata kabati moja, tumia mwezi mmoja au miwili ukizunguka kwenye hifadhi zilizopo. Nyaraka za serikali ziko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye jengo lake Upanga, Dar es Salaam, na chini ya sheria ya mwaka 2002 majalada kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji yakishatimiza miaka 30, kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo ya miaka ya 1970 na 1980 sasa inaweza kuombwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa Afrika Mashariki, wenye tasnifu za wanafunzi waliofanya utafiti viwandani wakati mashine zikiunguruma. Kwa biashara ya vitambaa ya karne ya 19 nenda Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Upande wa pili wa biashara hiyohiyo, yaani barua na madaftari ya Richard Waters, aliyekuwa konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar kuanzia mwaka 1837, uko katika Maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex huko Massachusetts. Usidharau magazeti. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na Uhuru mwaka 1961, na matangazo ya biashara yaliyomo humo mara nyingi hueleza bei na aina za nguo kuliko ripoti za mawaziri.

Kwa kila hifadhi andaa ukurasa mmoja unaoeleza kuna nini, namba za majalada ni zipi na kibali hupatikanaje. Mkusanyo wa kurasa hizo ndicho kitabu cha kwanza cha maktaba yako, na kwa uzoefu wangu ndicho kinachoombwa na wasomaji wengi zaidi, kwa kuwa mtafiti kutoka mbali hahitaji umpe nyaraka zote, bali umwonyeshe njia.

Kuna tahadhari moja hapa. Nyaraka za shirika la umma ni kumbukumbu za umma, hata kama shirika lenyewe lilikwisha kufa. Ukikuta majalada ya kiwanda cha zamani cha serikali yamelala katika ghala linalovuja, usiyabebe usiku ukidhani unaokoa historia. Iandikie Idara ya Nyaraka, eleza ulichokiona na upendekeze namna ya kusaidia. Vitu utakavyovipokea moja kwa moja ni vile vya watu: masanduku, albamu, madaftari, vyeti na nguo.

Sanduku la fundi, na kosa nililolifanya

Kanuni kuu ya kazi hii nitaieleza kwa aibu kidogo. Miaka iliyopita nilipokea sanduku la bati kutoka kwa mzee aliyekuwa fundi katika kitengo cha uchapaji wa kanga cha kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na hati zake za mshahara za miaka tisa, kadi ya zamu, picha chache, na vipande vidogo vya vitambaa, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Hati na vipande vilikuwa vimeshikanishwa kwa pini, na pini zote zilikuwa zimeshika kutu, kama kila chuma kinavyofanya katika hewa ya pwani. Nilikuwa nimesoma kwamba kutu hula karatasi na kwamba pini lazima ziondolewe. Nikaziondoa. Nikapanga hati mahali pake kwa tarehe, vipande vya vitambaa mahali pake kwa rangi, nikaona nimefanya kazi safi.

Mzee alipokuja kutazama, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza vipande vyake viko wapi. Kila mwezi alikuwa akikata kipande cha kanga iliyokuwa mashineni wiki ya mshahara na kukibana kwenye hati ya mwezi huo. Ule ulikuwa mfuatano kamili wa michoro iliyochapwa kiwandani, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka tisa. Pengine hakuna rejista ya kiwanda iliyobaki yenye habari hiyo. Tuliketi naye siku tatu, tukafanikiwa kurudisha vipande kumi na viwili kwa kumbukumbu yake na kwa alama za kutu zilizolingana. Vingine vimebaki vitambaa vizuri visivyo na tarehe.

Kwa hiyo, kitu kinapofika, usikipange. Kipige picha kikiwa ndani ya sanduku, kabla hujagusa chochote, kisha upige picha kila tabaka unalolitoa. Andika katika daftari la mapokezi tarehe, jina la mleta kitu, uhusiano wake na mwenye kitu, mahali kilipokuwa kikitunzwa na maneno aliyoyasema wakati wa kukikabidhi, hata yale yanayoonekana hayana maana. Mpe namba ya mapokezi. Pini ya kutu itoe, ndiyo, lakini weka vilivyobanwa pamoja ndani ya bahasha moja ya karatasi na uandike kwa penseli juu ya bahasha kwamba vilikuwa vimebanwa. Mpangilio wa mwenye kitu ni habari, hata ukiwa mpangilio wa ajabu, na ukishauvunja hakuna katalogi itakayouponya.

Pamoja na daftari hilo, tayarisha hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, inayosema kama kitu kimetolewa moja kwa moja, kimeazimwa kwa muda au kimeletwa kunakiliwa tu. Familia nyingi hazitaki kuachana na picha za marehemu baba, na si haki kuzilazimisha. Piga nakala siku hiyohiyo na uwarudishie mkononi.

Kanga isomwe kama waraka

Katika maktaba ya nguo, kanga ndiyo itakayokupa kazi kubwa kuliko jalada lolote, kwa kuwa ina maandishi, mchoro, tarehe iliyojificha na mtumiaji. Andaa kadi yenye nafasi za kutosha. Andika kwanza kama ni doti kamili au kipande kimoja, na vipimo vyake kwa sentimita. Eleza pindo (ukingo unaoizunguka) na mji (sehemu ya katikati) kila kimoja peke yake, pamoja na rangi zake. Nakili jina, yaani msemo wa kanga, kama lilivyochapwa, herufi kwa herufi, bila kusahihisha tahajia na bila kuongeza alama za uandishi. Kama ni kanga ya zamani yenye jina la herufi za Kiarabu, liandike kwa herufi hizo na uweke unukuzi chini yake. “Wema hauozi” iliyochapwa “WEMA HAU OZI” iandikwe hivyohivyo, kwa sababu kosa la mchonga kibao cha kuchapia linaweza kuwa ndilo litakalomwonyesha mtafiti kwamba aliyechonga hakujua Kiswahili.

Kisha geuza kitambaa utazame ukingoni. Huko ndiko kunakokuwa maandishi madogo ya jina la mfanyabiashara au kiwanda na pengine namba ya mchoro, na huko ndiko fundi cherehani alikokunjia wakati wa kupinda. Usifumue upindo, tumia taa ya pembeni, mara nyingi herufi zitasomeka kwa nyuma. Ukikuta “K.H.E. Mali ya Abdulla”, umeshika bidhaa ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lakini usiandike kwamba kanga imetengenezwa Mombasa. Wafanyabiashara wa kanga walibuni au kuchagua mchoro na jina, kisha wakaagiza uchapaji kwenye viwanda vya mbali, Uholanzi, Uingereza, India au Japani kutegemea na zama. Mwenye mali na aliyechapa ni watu wawili, na kadi iwe na nafasi mbili.

Kuhusu tarehe, kuwa mchoyo. Mchoro unaopendwa huchapwa tena na tena, kwa hiyo alama ya kiwanda hukuambia tu kwamba nguo haiwezi kuwa ya kabla ya kiwanda hicho kuanza. Andika “si kabla ya 1968” badala ya “1968”. Halafu muulize mleta kanga maswali ambayo kitambaa hakiwezi kuyajibu: ilinunuliwa wapi, nani alimpa nani, ilivaliwa siku gani, na jina lake lilimlenga nani. Swali la mwisho huleta kicheko kwanza na ukweli baadaye. Niliwahi kupewa kanga iliyochanika katikati, ambayo kwa macho ya muuza duka haina thamani. Mwenyewe alieleza kwamba ilichanika kwa kubebea watoto wanne mfululizo, na mchaniko ule uko pale fundo la mbeleko lilipokaa. Hiyo nayo imeingia kwenye kadi.

Unyevu, wadudu na mwanga

Vitabu vya uhifadhi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na vipimo wanavyovitaja havifikiki kwa urahisi Tanga au Mombasa. Jambo la kulenga ni kuzuia ukungu, ambao huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi. Nunua kipima unyevu kimoja cha bei ndogo, usome asubuhi na jioni na uandike. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa usiku hudhuru kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa karatasi na pamba huvuta na kuachia maji kila siku. Ni afadhali madirisha yanayopitisha hewa, feni, makabati yaliyotengwa na ukuta kwa kiganja kimoja na rafu ya chini iliyo juu ya sakafu, mbali na mafuriko na mchwa. Chumba kisiwe chini ya tangi la maji. Hili linaonekana dogo hadi siku tangi linapopasuka.

Usifue kanga iliyopokelewa, wala usiipige pasi. Wanga wa kitambaa kipya ni ushahidi kwamba hakikuvaliwa, ingawa ni kweli kwamba wanga huohuo huwaita mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula karatasi. Kwa sababu hiyo kila nguo inayoingia ipitie kwanza kwenye friza: ifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa vizuri, iweke katika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa majuma mawili, kisha uitoe na uiache siku nzima bila kuufungua mfuko ili umande usitue juu ya kitambaa. Friza ya kawaida ya dukani inatosha. Dawa za nondo zenye harufu kali ziache. Hudhuru pua ya msomaji na baadhi ya rangi.

Kwa kuhifadhi, viringisha nguo badala ya kuikunja, kwa sababu mkunjo wa miaka mingi hukata nyuzi. Maboksi marefu ya mviringo yanayobaki katikati ya majora ya vitambaa hutupwa na wenye maduka ya Kariakoo. Yaombe, yavike karatasi ya alumini ya jikoni ili asidi ya boksi isiguse pamba, kisha uyavike kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kwa maji matupu. Ndiyo, marekani ileile ya misafara, na bado ndicho kitambaa cha bei nafuu na salama zaidi kwa kazi hii. Mwanga wa jua usiingie kabisa.

Sauti za waliofanya kazi

Mahojiano yafanywe mapema, kwa kuwa walioajiriwa wakiwa vijana katika miaka ya mwisho ya 1960 sasa wana umri mkubwa. Usianze na swali la “tueleze historia ya kiwanda”, kwani utajibiwa kwa hotuba. Weka mezani hati ya mshahara au kadi ya zamu na umwombe akutembeze katika siku moja ya kazi, tangu alipoamka: alipanda nini, aliingia mlango upi, aliona nini kwanza, mashine yake iliitwaje, ilipokwama alimwita nani. Ongea kwa sauti na kwa subira. Mitambo ya kufumia iliharibu masikio ya wengi. Maneno yake ya kazi yaandike kama alivyoyasema, hata kama kamusi ina mtande na mshindio (nyuzi za urefu na nyuzi za upana) na yeye anatumia jina jingine kabisa, kisha uyakusanye katika orodha ya msamiati ambayo itakua yenyewe.

Ridhaa iandikwe au irekodiwe mwanzoni, pamoja na jibu lake kama jina litajwe au lifichwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu maktaba yako pia. Majalada ya nidhamu na vyeti vya hospitali, hasa vya waliougua mapafu kwa vumbi la pamba, yatenge katika kabati lenye ufunguo na uweke muda wa kuyafungua.

Katalogi na nakala

Vitabu vilivyochapwa vipange kwa namba za Dewey, mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada: 677 kwa teknolojia ya nguo, 338 kwa viwanda na uzalishaji, 967.8 kwa historia ya Tanzania. Mikusanyo ya watu usiivunje iingie katika namba hizo. Kila mkusanyo upewe namba yake, kisha fungu, kisha kipengele, kwa mfano MK 04/2/17, na namba hiyo iandikwe kwa penseli laini juu ya karatasi au ishonwe kwenye kipande cha utepe upande wa nyuma wa nguo. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa miaka ya mwanzo; ukikua, programu za bure za Koha kwa vitabu na AtoM kwa nyaraka zipo. Nyaraka zinakiliwe kwa nukta 300 kwa inchi na picha kwa 600, jina la faili liwe namba ya katalogi, na nakala ziwe tatu, moja ikiwa nje ya mji.

Mchoro wa kanga unaweza kuwa na mwenye hakimiliki chini ya sheria ya mwaka 1999, kwa hiyo msomaji aruhusiwe kupiga picha ya kujisomea, lakini anayetaka kuuchapa kwenye mashati apelekwe kwa mwenye mali.

Kabla ya kufungua mlango

Kanuni za chumba cha kusomea ziwe chache: penseli tu, mikono iliyonawa na kukauka, sanduku moja mezani kwa wakati mmoja, hakuna chai. Daftari la wageni liulize anatafiti nini, ili uweze kuwakutanisha wanaotafuta jambo moja.

Katiba ya maktaba iwe na kifungu kinachosema mkusanyo utakwenda wapi maktaba ikifungwa. Hata walio na fedha hufunga: jumba la makumbusho ya historia ya nguo la Lowell, Massachusetts, mji wenyewe uliokua kwa viwanda vya pamba, lilifungwa mwaka 2016, na maktaba yake kubwa ikaokolewa kwa kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Cornell. Tafuta mapema taasisi itakayokubali kwa maandishi kukupokea, iwe chuo, hifadhi ya taifa au maktaba ya mkoa. Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, mlango wa kugonga uko wazi kuliko kwingine. Kifungu hicho kiandikwe kabla ya kupokea sanduku la kwanza, na kila anayeleta kitu apewe nakala yake pamoja na hati ya makabidhiano.